Futi, Msanifu wa Mahali pa Kusubiria

Ndugu waombolezaji, viongozi wa dini mliotuongoza tangu asubuhi, majirani, wasanifu waliofanya kazi na marehemu, mafundi, na ninyi nyote mliosimama huko nyuma kwa sababu viti havikutosha, jambo ambalo marehemu angelikasirikia kuliko kifo chenyewe, familia imenituma mimi mjomba wake, kaka wa mama yake, fundi cherehani mstaafu, niwasomee historia ya maisha yake, nami nimekubali kwa sharti moja tu, kwamba nisikatizwe nikilia wala nikicheka, maana mtoto huyu alinifanya yote mawili mpaka mwisho.

Jina lake kamili mmelisoma kwenye karatasi mliyopewa mlangoni, mimi nitamwita Futi kama tulivyomwita nyumbani, na kwenye karatasi hiyohiyo mtaona ameandikwa "msanifu majengo chipukizi", waliochapa waniwie radhi, lakini mwenye kalamu naomba alikate hilo neno la mwisho, sababu nitaitoa. Nitaeleza pia lile swali lake, kwa kuwa wengi wenu mliokwenda kumwona wodini aliwauliza kabla hata ya salamu kama mama yake ameegemea, mkatoka mkinong'onezana kwamba dawa zimempanda kichwani. Haikuwa dawa, mtoto alikuwa na akili zake timamu, na jambo hilo ndilo lililomsumbua kuliko ugonjwa wenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1985, katika hospitali kuu ya mji huu, akiwa mtoto wa pili, na binti wa kwanza, kati ya watoto watatu wa dada yangu, mpishi wa shule ya bweni, na shemeji yangu, dereva wa lori la mizigo, ambao wakati huo waliishi katika vyumba viwili nyuma ya posta ya zamani. Baba akiwa safarini na mama akiwa kwenye masufuria ya watoto wa watu, huyu wa katikati alishinda dukani kwangu, chini ya meza ya kukatia nguo, akiokota vipande vya chaki na kuchora sakafu yangu yote, na alipofika miaka mitano akaivaa futi yangu shingoni na kuanza kupima wateja bila kuajiriwa. Mteja mmoja mwenye mwili wake alipimwa kiuno, kisha kipimo kikatangazwa kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, na mteja yule akahamia kwa fundi mwingine hadi leo, ila jina la Futi likabaki.

Alianza shule ya msingi mwaka 1992 na kumaliza 1998, akaendelea na sekondari kuanzia 1999 hadi 2004, na katika miaka yote hiyo, kwa kuwa alikuwa mwembamba, walimu walimkalisha katikati ya dawati la watu watatu, akawa kila akitaka kutoka ni lazima aombe, asimamishe mtu, asukumwe, atukanwe, ndipo apite. Alilalamika nyumbani mpaka baba yake akamwambia kwa mzaha kwamba akikua atengeneze dawati lake mwenyewe, na yeye, kama mnavyomjua, hakuona mzaha wowote hapo.

Alijiunga na chuo kikuu mwaka 2005 kusomea usanifu majengo, akahitimu tarehe 26 Novemba 2010. Akiwa mwaka wa nne, tarehe 3 Juni 2009, baba yake alifariki kwa shinikizo la damu, ndipo kaka yake mkubwa alipoubeba mzigo wa nyumba bila kuitisha kikao wala kusubiri asante, na kwa kuwa yeye si mtu wa maneno, nataka asimame hapo alipo watu wamwone. Wapo wanaosema Futi alijifunzia usanifu chuoni, nami siwakatalii, cheti walimpa wao, lakini nyota njema huonekana asubuhi, na asubuhi yake ilikuwa chini ya meza yangu.

Aliajiriwa mwaka 2011 katika ofisi moja ya wasanifu hapa mjini, na jengo lake la kwanza yeye kama yeye lilikuwa nyumba ya mama yake, iliyokamilika tarehe 17 Novemba 2012, na hapa dada yangu anisamehe, lakini historia isiyo na kosa hata moja ni tangazo la biashara. Ilikuwa nyumba nzuri, dari la juu, madirisha ya kuvuta upepo, wenzake wa ofisini walikuja kuipiga picha, na jikoni kulikuwa na meza ndefu ya kupikia iliyotazama dirisha, dada yangu akabariki, akashukuru, akahamia, na wiki haikuisha akalitoa jiko lake nje akawa anapikia barazani, jua lake, mvua yake. Sisi tuliokuwa tukienda kula tulifumba midomo, maana ni nani atakayemwambia mtoto aliyemjengea mama yake nyumba kwamba nyumba ina kasoro. Futi alikuja bila taarifa siku ya mvua kubwa, akamkuta mama yake kashika mwavuli mkono huu na mwiko mkono huu, akauliza kulikoni, akajibiwa hakuna kitu mwanangu, moshi tu, akauliza tena, ndipo dada akasema ukweli wake: "Mle ndani nikipika naupa mlango mgongo, mtu anaingia kwangu simwoni mpaka anisalimie kisogoni. Mgeni mimi nataka nimwone akija, nijue naongeza sahani au nafunga mlango."

Kesho yake Futi alikuja na fundi mwashi, wakaubomoa ukuta wa jikoni na kuigeuza meza ile ielekee mlangoni, na alipomaliza aliniambia kwamba aibu ile ilimfundisha kuliko miaka yote ya chuo, kwa sababu alimpima mama yake urefu, upana na kimo cha kiwiko, akasahau kumpima macho. Tangu siku hiyo hakujenga kitu kabla ya kukichora ardhini kwa chokaa, kwa ukubwa wake wa kweli, kila ukuta, kila mlango, kila kitanda, kisha anawaita watakaokitumia na kuwaambia waishi humo kutwa nzima, wapike bila jiko, walale bila godoro, wagombane kama kawaida yao, na yeye anakaa pembeni anaangalia.

Mimi mwenyewe niliitwa kwenye nyumba ya chokaa ya kaka yake, jua likanizidi, nikakatiza kuelekea kivulini, akanipigia kelele mbele ya halaiki: "Mjomba! Umepita ukutani, rudi uingie mlangoni kama watu!" Nami, mtu mzima na heshima zangu, nikarudi, nikagonga mlango usiokuwepo, nikapiga hodi, nikasubiri mpaka nikakaribishwa. Walionicheka siku ile baadhi yao wameketi hapa mbele, ninawaona.

Tarehe 1 Februari 2014 alifungua ofisi yake pamoja na mwenzake aliyesoma naye chuoni, chumba kimoja juu ya duka la vioo, meza mbili, na ngazi nyembamba kiasi kwamba mteja mnene ilibidi ashukiwe chini wazungumze naye barabarani. Kutoka chumba hicho ilitoka maktaba ya watoto iliyo na madirisha usawa wa macho ya mtoto, ambako mtu mzima inambidi achuchumae kama anataka kuona nje, zikatoka nyumba za walimu, ikatoka zahanati ya ng'ambo ya reli, na mwaka 2015 likatoka lile dawati la watu watatu ambalo benchi lake limekatwa kwa nyuma, aliye katikati anatoka bila kumgusa jirani. Madawati hayo sasa yako katika shule nyingi ambazo yeye mwenyewe hakuwahi kuzikanyaga, na kuna watoto wa katikati wanaokwenda chooni kwa amani bila kumjua wa kumshukuru. Alibuni pia kiti chenye mikono mirefu kwa ajili ya baba mkwe wake, mzee ambaye kila akitaka kusimama ilibidi ainuliwe, na siku alipoinuka peke yake kwa mara ya kwanza, mzee alizunguka nyumba nzima akirudi kuketi ili ainuke tena.

Mwaka 2018 aliitengeneza barabara ya mafundi viatu, pale palipokuwa na mitaro wazi na mafundi wamekaa juu ya makopo, akawawekea paa, vigoda vya kudumu, na ukingo wa mteja kukaa akiwa na kiatu kimoja mguuni, maana aliona, kwa kukaa pale na chokaa yake, kwamba mteja wa fundi viatu husimama kwa mguu mmoja kama korongo. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo tarehe 30 Septemba 2022, tuzo ya wasanifu chipukizi, akiwa na miaka thelathini na saba, mvi zimeshamwingia, na tulipotoka ukumbini aliniuliza: "Mjomba, mtu anachipua mpaka lini? Si nitaozea ardhini?" Tulicheka sana siku ile, lakini leo neno hilo linanikera, kwa sababu mwenye watu wanaokalia, wanaolalia, wanaosomea na kupikia kazi ya mikono yake, huyo ameshachipua, ameshazaa, na ameshavunwa.

Kuhusu ndoa, marehemu alikutana na mume wake, fundi umeme, kwenye ujenzi wa zile nyumba za walimu, ambapo kijana huyu aliweka swichi nyuma ya mlango, akaambiwa ahamishe, akahamisha, akaambiwa bado, ahamishe tena, na kila akija kuhamisha anakuta sababu ya kukaa zaidi, mpaka tukaanza kujiuliza nyumbani ni swichi gani hiyo isiyoisha. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 2014, wakabarikiwa watoto wawili, wa kike aliyezaliwa tarehe 11 Agosti 2016, na wa kiume aliyezaliwa tarehe 2 Mei 2019. Kinyozi hajinyoi, ndugu zangu, nyumba ya msanifu na fundi umeme mpaka leo ina mlango wa chumbani usio na kitasa na taa ya sebuleni inayoning'inia kwa waya, lakini ilikuwa nyumba ya vicheko, na mkwe wetu huyu nashuhudia mbele yenu kwamba alimpenda mke wake akiwa mzima na akampenda zaidi akiwa mgonjwa.

Sasa nifike kwenye kazi yake ya mwisho. Mwaka 2021 hospitali kuu ilimpa Futi kazi ya kubuni lango jipya, pamoja na uwanja ulio kati ya lango na barabara, pale wanaposubiri watu wenye wagonjwa ndani, na wote mnakumbuka palivyokuwa, watu juu ya mawe, juu ya ndoo zilizopinduliwa, juu ya kanga zilizotandikwa vumbini. Alichora mabenchi kwa chokaa, akawaomba wanaosubiri waketi ndani ya mistari, wakaketi, na haukupita muda wote wakaanza kujisogeza kinyumenyume, bila kuambiana, mpaka migongo yao ikapata ukuta wa kuegemea. Alirudi ofisini akachora mabenchi yenye migongo mirefu, imelala kidogo, na kamati ya ujenzi ikakataa, ikasema mabenchi yawe bapa, kwa sababu ukimpa mtu pa kuegemea atalala, na hospitali itageuka nyumba ya wageni.

Futi alibishana nao kwa miezi, akawaambia kwamba mtu ambaye damu yake iko kitandani mle ndani hana starehe ya usingizi, ukiona kalala ujue kazidiwa, na aliyezidiwa hafukuzwi. Mwishowe kamati ikasema vyuma vilivyopo vinatosha kitu kimoja tu, lango kubwa lililochorwa au migongo ya mabenchi, achague mwenyewe, wakijua kabisa kwamba lango lile lilikuwa zuri ajabu, lilikuwa limeshatoka kwenye jarida la wasanifu, ndilo lililokuwa litangaze jina lake nje ya mipaka. Futi alichukua kalamu palepale mezani akalikata lango. Mwenzake wa ofisini alimnunia wiki nzima, na ni yeye huyohuyo mliyemwona asubuhi ya leo amelibeba jeneza hataki kupokewa.

Tarehe 20 Machi 2023, kazi ya uwanja ikiwa imesimama kwa sababu za wakubwa, marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu katika hospitali hiyohiyo, na ndipo mama yake akawa mmoja wa wale watu wa nje ya lango, juu ya ndoo. Alifanya kazi mgonjwa, akitoka kwenye mashine anapita kwa mafundi kukagua, uso umevimba, mdomo haujavimba hata kidogo, muulizeni msimamizi wa mafundi, na tarehe 12 Mei 2025 mabenchi yakafunguliwa, yote yana migongo, na watu wakaegemea.

Watu wote waliegemea isipokuwa dada yangu. Yeye aliketi ukingoni, wima, mkoba mapajani, kama anayetaka kuinuka sasa hivi, akiamini kwamba akiegemea tu atasinzia, na akisinzia jina lake litaitwa langoni kwa kipaza sauti na hatasikia, na hakuna aliyeweza kumshawishi, si mimi, si wakwe, si mkwewe mwenyewe. Hilo ndilo lililomuuma Futi, kwamba aligombana na kamati nzima kwa ajili ya migongo ya watu, akapoteza lango lake, na mgongo wa mama yake mzazi bado uko hewani. Ndiyo maana aliwauliza. Wengine mlimdanganya kwa huruma, mkasema ndiyo, ameegemea, naye akawauliza mkoba kauweka wapi, mkasema mapajani, akajua mnadanganya.

Asubuhi ya tarehe 17 Septemba 2025, nilipokuwa nimekaa na marehemu wodini, alinituma nje nikamwangalie mama yake, nami nikaenda nikiwa na jibu langu tayari mdomoni, kwa sababu lilikuwa jibu lilelile kila siku. Nilimkuta dada yangu ameegemea. Kichwa kimelala nyuma, mdomo wazi, mkoba umeanguka chini karibu na viatu, na anakoroma, dada yangu ambaye tangu tuko wadogo sikuwahi kumwona amelala mbele ya watu. Nilirudi ndani nikikimbia na umri wangu huu, nikamwambia Futi, akauliza mkoba uko wapi, nikasema uko chini, mwanangu, uko chini kabisa, na mama yako anakoroma mpaka watu wanageuka. Alicheka, sauti haikutoka ila mabega yalicheka, akafumba macho, akasema: "Msimwamshe."

Marehemu alifariki asubuhi hiyohiyo, mimi na mume wake tukiwa tumemshika mikono, akiwa na umri wa miaka arobaini, ameacha mume, watoto wawili, mama, kaka, mdogo wake wa kike, na sisi wengine.

Tulitoka nje na habari ile, mkwe na mimi, tukamkuta mama bado amelala, tukatazamana. Ndugu zangu, kuna waliotulaumu baadaye kwamba mama mzazi ndiye alipaswa kuwa wa kwanza kuambiwa, nami nawajibu hapa hadharani kwamba tulikuwa tumeagizwa, na lile lilikuwa agizo la mwisho la mwenye kazi yake. Mkwe aliketi upande huu, mimi nikaketi upande huu, dada yangu katikati, tukaegemea, tukamsubiri aamke mwenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, ambao walivumilia mgonjwa aliyewahamishia vitanda akidai vimetazama upande usiofaa, inawashukuru majirani kwa kupika, kuteka maji na kulala na watoto, wasanifu na mafundi wa ofisi ya juu ya duka la vioo, mafundi viatu waliofunga kazi leo barabara nzima, na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, aliyekuja msibani siku ya kwanza na kusema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba Futi alikuwa sahihi. Namshukuru kwa namna ya pekee mlinzi wa lango, ambaye alipotuona tumeketi vile na kumwona mama katikati yetu, alizima kipaza sauti chake na kuanza kuwafuata watu mmoja mmoja, akiwaitia majina yao masikioni, na watu nisiowajua waliokuwa uwanjani pale, ambao waliwanyamazisha watoto wao, hakuna aliyewaambia kwa nini.

Dada yangu alilala mpaka jua lilipomfika miguuni. Futi, mwanangu, mama yako alipumzika, nimemwona kwa macho yangu haya mawili, na sasa ni zamu yako. Pumzika kwa amani.